Lupasi na nywele kunyonyoka: tazama ngozi kabla hujanunua mafuta

Wenye lupasi, ule ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe, wengi wao wakianza kunyonyoka nywele wanaingia saluni wakitaka vitu viwili, mafuta ya kuotesha ama wivingi ya kufunika, na mimi kama msusi ningeuza vyote viwili nikashukuru Mungu. Lakini mdogo wangu ana lupasi, nimekaa naye foleni za kliniki miaka, nimewauliza madaktari maswali mpaka wananijua kwa sura, kwa hivyo mteja akinambia ana lupasi namkalisha kwanza tutazame ngozi. Zimetoka ngapi tutahesabu baadaye. Manake lupasi inatoa nywele kwa njia kadhaa, nyingi zinarudi zenyewe ila kuna moja ukichelewa hairudi tena, alafu kuna sababu zingine hazina undugu wowote na lupasi, na zote ukisimama mbele ya kioo unaona kitu kimoja tu, kichwa kinaisha.

Jinsi ya kutazama

Usitazamie bafuni kwenye balbu hafifu. Kaa mlangoni ama barazani asubuhi jua halijawa kali, mtu akugawe nywele kwa kitana cha mkia mstari kwa mstari kutoka kwenye paji mpaka kisogoni, na apige picha kwa simu. Mtazame kama rangi ya ngozi ni moja au kuna mahali imegeuka, kama vile vitundu vidogo vya kutokea nywele bado vinaonekana ama ngozi imekuwa laini inang'aa haina kitundu, kama kuna magamba, kama ukipitisha kidole kuna mahali pamebonyea ama panauma. Na usingoje kuona wekundu, hiyo ni habari ya ngozi nyeupe, kwetu uvimbe unakuja na rangi ya zambarau ama kahawia iliyokolea, hata kijivu.

Alafu chukua unywele mmoja uliotoka uulaze juu ya buibui ama kitambaa chochote cheusi, tazama ncha zake. Ukiona kitone cheupe upande mmoja, kidogo kama kichwa cha pini, huo umetoka na mzizi wake, umeng'oka. Hakuna kitone, umekatika njiani. Hapo tayari ushagawa tatizo mara mbili, manake kung'oka na kukatika sababu zake ni mbalimbali na dawa zake pia.

Kuna na jaribio la kuvuta madaktari wanafanya: shika nywele kama 60 hivi karibu na ngozi, vuta polepole bila kunyofoa, zikitoka zaidi ya 6 basi kweli zinatoka. Fanya siku ambayo hujaosha wala kuchana. Na kabla hujaingiwa na kiwewe kumbuka mtu mzima wa afya hupoteza kati ya 50 na 100 kila siku, sasa wewe umekaa na rasta mwezi mzima, siku ya kufumua lazima utaona rundo, hizo ni za kila siku zilinaswa humo ndani hazikupata pa kuangukia.

Zinatoka kichwa kizima, ngozi haina kitu

Hii ndo naiona sana. Rudisha kalenda nyuma miezi 2 mpaka 3 ujiulize kulikuwa na nini. Homa kali, malaria, operesheni, kujifungua, msiba mzito, ama lupasi yenyewe iliamka ukalazwa. Mwili ukipata kishindo nywele nyingi zinaacha kukua kwa mpigo mmoja, zinatulia, alafu zinaanguka pamoja wiki nyingi baadaye, ndo unamsikia mtu akisema mbona nilipokuwa mgonjwa hazikutoka, sai nimepona ndo zinanimwagikia? Ni kwa sababu hiyo. Kile kishindo kikiisha kumwagika kunapungua ndani ya miezi 6 hivi na zinaota tena, ila urefu utangoja, nywele za binadamu hukua kama sentimita 1 kwa mwezi na hizi zetu za kipilipili pungufu ya hapo.

Kama hukuumwa na chochote miezi hiyo, uliza lupasi iko macho ama imelala. Viungo vinauma asubuhi, vidonda mdomoni ambavyo wakati mwingine havina hata maumivu, uchovu wa kushindwa kuinua sufuria, upele usoni baada ya jua, na nywele nazo zinatoka: hio ni lupasi inaongea na hakuna mafuta ya sokoni Marikiti yatakayoinyamazisha, ni kurudi kliniki dawa ziangaliwe. Madaktari wenyewe wanaichukulia nywele kama ushahidi, kwenye vigezo vya kimataifa vya mwaka 2019 vya kuitambua lupasi nywele kutoka bila kovu zina alama 2, na mtu anahitaji alama 10 na kipimo cha ANA, kile cha damu cha kutafuta kinga inayoshambulia mwili wenyewe, kikiwa kimeonyesha. Na ukiona mkojo una povu lisiloisha, miguu imevimba ama macho asubuhi yamefura, hio usingoje tarehe ya kliniki, nenda siku hiyo hiyo, figo hizo.

Tatu ni damu. Akina dada wenye hedhi nzito madini ya chuma yanakwisha mwilini na nywele zinatoka hata lupasi ikiwa imelala fofofo. Thairoidi pia, ile tezi ya shingoni, na magonjwa ya thairoidi hupenda kukaa nyumba moja na lupasi. Vitamini D nayo huwa chini kwa wengi wenye lupasi manake wameambiwa wajifiche jua na wamejificha kweli. Omba upimwe hivi vitatu, feritini (akiba ya chuma mwilini) pamoja na hesabu ya damu, thairoidi, vitamini D, kabla hujanunua vidonge vya nywele. Vile vya bayotini hasa, kama unavimeza mwambie mtu wa maabara na daktari, manake bayotini nyingi inachafua majibu ya vipimo vya thairoidi na vingine vya damu, unaeza kuandikiwa ugonjwa huna.

Za mbele ni fupi, kavu, zimesimama ovyo hazilali

Hizi ni zile ukitazama ncha hakuna kitone, zimekatika. Zinakaa hapa juu ya paji, nyembamba, ngumu kushika, hata ukipaka jeli hazitulii. Zina jina lake hospitalini, nywele za lupasi, na huwa zinakuja lupasi ikiwa imepanda. Ikitulia zinajaa tena. Kazi yako hapo ni kuziacha zipumue: hakuna blodraya ya moto, hakuna dawa ya kulainisha nywele, hakuna kuchana zikiwa kavu, loanisha kwanza, paka mafuta ya nazi kidogo, kitana cha meno mapana kuanzia kwenye ncha kurudi kwenye ngozi. Na mteja akikaa kwenye kiti changu na hizo nywele za mbele akataka nimsuke matuta madogo madogo yaanzie hapo hapo, simsuki, aende kwa mwingine tukosane.

Doa la duara, rangi imegeuka, lina magamba

Hapa sasa ndo naomba usome polepole.

Doa hili mwanzo ni dogo, unaeza kulipata juu, pembeni, popote kichwani, linaanza na rangi iliyokolea na gamba kavu lililoshikilia, si kama mba inayopukutika ukijikuna. Vitundu vya nywele vinaziba na uchafu mgumu mweupe. Gamba likibanduka ukiligeuza chini yake lina vimiiba vidogo, hivyo vilikuwa vimezama ndani ya vitundu. Usilibandue makusudi, nakwambia tu ili ukiliona likitoka lenyewe ujue ni nini. Baadaye katikati pananyauka na kuwa peupe, pembezoni panabaki na ukingo mweusi, nywele katikati hakuna, na ukigusa pamebonyea. Wengine linauma ama linawasha, wengine halina habari kabisa, ndo linakaa chini ya wivingi miezi na mwenyewe hajui. Tazama na masikio, lile bakuli la ndani ya sikio, ukikuta vitone vyeusi na magamba pale basi dalili zinaongezeka.

Hii inaitwa lupasi ya diskoidi. Unaeza kuwa nayo kwenye ngozi peke yake bila lupasi ya mwili, ama zote mbili. Tofauti yake na zile za juu ni kwamba hii inaunguza kitundu chenyewe, ikishageuka kovu hakuna unywele utakaoota hapo, si kwa habasoda si kwa kitunguu maji si kwa chochote. Lakini kabla ya kovu kuna muda, na kwenye huo muda dawa zinafanya kazi na nywele zinaeza kurudi. Kwa hivyo doa la namna hii si la kungoja miezi mitatu kuangalia litakwendaje. Iwe unahudhuria hospitali ya Coast General hapa Mombasa, pale Makadara, ama kliniki ya binafsi, sema wazi unataka daktari wa ngozi akione kichwa, na ujue anaeza kutaka kukata kinyama kidogo, milimita 4 tu, unachomwa ganzi, ili wapime wajue ni diskoidi kweli. Wengi wanaogopa hapo. Ni kidonda kidogo cha uzi mmoja ama miwili, na bila hicho kipimo mtu anaeza kutibiwa fangasi mwaka mzima.

Dawa zake ni stirodi (dawa ya kutuliza uvimbe) kali ya kupaka, ama sindano ndogo za stirodi ndani ya doa lenyewe kila baada ya wiki 4 mpaka 6, na ya kumeza ni hidroksiklorokwini, ile wengi mnaijua kama Plaquenil. Hii haina haraka, ipe wiki 6 mpaka 12 uanze kuona, wakati mwingine zaidi, sasa mtu anakunywa mwezi mmoja haoni kitu anaacha, anasema haimfai. Macho yapimwe mwanzoni na baadaye kila mwaka ikishapita miaka 5, na kipimo cha dawa kinaenda na uzito wako kwa hivyo usigawane na jirani. Sigara inaharakisha ubaya na watu wanaovuta dawa huwa haiwashiki vizuri, na shisha ni tumbaku vilevile hata ikinukia tofaa.

Doa la zamani lenye kovu likifanya kidonda kisichopona, ama kiuvimbe kigumu kinachokua, lionyeshe upesi. Makovu ya diskoidi ya miaka mingi yanaeza kugeuka saratani ya ngozi, si kawaida lakini hutokea.

Na jua. Sisi tuko digrii 4 tu kusini mwa ikweta, jua letu halina msimu wa kupumzika, na lupasi ya ngozi inachukia jua kuliko kitu chochote. Watu wanapaka sanskrini, krimu ya kukinga jua, usoni wanasahau kichwa. Matuta ndo mabaya zaidi hapo, ile mistari iliyogawa nywele ni ngozi tupu, umesimama Likoni saa saba mchana unangoja feri na mistari kumi iko uchi juani. Suka lakini funika. Kitambaa kizito kilichofumwa kwa kubana kinazuia, ule mtandio mwepesi wa kuonyesha ndani hauzuii kitu, kofia iwe na ukingo mpana. Kwenye doa lisilo na nywele paka sanskrini SPF 30 ama zaidi kila masaa mawili ukiwa nje. Kioo cha matatu hakikukingi vya kutosha, miale mingine inapita kiooni, kwa hivyo uchague upande wa kivuli ama ujifunike huko ndani.

Kinawasha, kinatoa unga

Si kila kitu ni lupasi jamani. Unga mweupe ama wa manjano wenye mafuta, unawasha, unarudi kila mara, rangi ya ngozi haijaharibika na nywele ziko: hio ni mba tu, shampuu ya ketokonazoli mara mbili kwa wiki, iache dakika 5 kabla hujasuuza, watu wanapaka na kusuuza papo hapo alafu wanalaumu shampuu.

Mapunye ndo ya kuangalia. Mabaka ya duara yenye unga na nywele zimekatika usawa wa ngozi, zimebaki vitone vyeusi. Kwa watoto ni kawaida, kwa mtu mzima si sana, ila ukiwa kwenye stirodi na dawa za kushusha kinga unaeza kuyapata, hasa kama kuna mtoto nyumbani anayo. Sasa mapunye na diskoidi kwa macho ya mtu wa duka la dawa ni ndugu, na ukipewa krimu ya stirodi kupaka juu ya mapunye itatuliza wiki mbili alafu yanasambaa vibaya. Mapunye ya kichwani yanatibiwa kwa vidonge vya fangasi, krimu peke yake haifiki ndani ya unywele. Ndo maana nasema usinunue krimu yoyote ya kichwa kabla mtu anayejua hajatazama.

Kama kuwasha kumekuja siku moja mpaka tatu baada ya kupaka rangi nywele, na pembeni ya masikio na kope zimevimba, hio ni mzio wa rangi nyeusi. Na hapa kwetu kuna njia watu hawaifikirii, piko. Piko nyingi ni ile ile rangi ya nywele, ina kemikali inaitwa PPD, mwili ukishakasirika nayo mkononi siku ya harusi, miaka baadaye ukipaka rangi kichwani unavimba uso. Hina yenyewe ya majani isiyochanganywa kitu huwa haina shida hiyo.

Panja zimeisha, ama utosi unapanuka

Nywele za pembeni na za mbele zimerudi nyuma lakini kwenye ukingo kumebaki vinywele laini vifupi vya mstari, na ulikuwa unasuka ukilala kwa panadoli: hio ni kazi yetu wasusi, tuseme ukweli. Kuvutwa. Lupasi haina kesi hapo. Ukiacha mapema zinarudi, ukiendelea miaka kitundu kinakufa. Msuko ukiuma ni mbaya, hakuna cha kuzoea, na vipele vidogo vya usaha kwenye mzizi ni onyo la mwisho.

Utosi ukianza kupungua katikati ukapanuka kama mduara kuelekea nje, na ngozi inang'aa, wengine inawaka ama kuuma, kuna ugonjwa mwingine wa kovu unaowapata sana wanawake weusi na huo pia hauna subira, unataka daktari wa ngozi na kipimo cha kinyama kama diskoidi. Kwa macho mimi siwezi kukuambia ni upi kati ya hizo mbili na nisingemwamini msusi anayesema anaweza.

Zimeanza baada ya kubadilishiwa dawa

Saiklofosfamaidi, ile ya dripu wanayopewa wenye lupasi iliyoingia figo, inatoa nywele, kwa kawaida wiki chache baada ya kuanza, na zinarudi ikimalizika. Methotreksati, dawa nyingine ya kushusha kinga, inaeza kupunguza nywele kiasi, na hapo daktari akiongeza foliki asidi husaidia. Hio methotreksati kumbuka inamezwa siku moja kwa wiki, narudia, kwa wiki, kuna watu wamemeza kila siku wakaishia kulazwa. Leflunomaidi nayo inapunguza. Hidroksiklorokwini mara chache inafifisha rangi ya nywele, zikatoka nyeupe ama za shaba, haina madhara zaidi ya kukushtua kiooni.

Usiache dawa kwa ajili ya nywele bila kuongea na daktari. Najua inavyouma, nimeona mtu mzima analia kwenye kiti, lakini ukiacha ghafla lupasi inaamka na hizo nywele zitatoka maradufu, na stirodi hasa ukizikata ghafla unaeza kuanguka. Andika tarehe uliyoanza dawa na tarehe nywele zilipoanza, mpe daktari, mara nyingi kuna ya kubadilisha ama kupunguza.

Predinisoloni, stirodi ya kumeza, inacheza mchezo wa ajabu, kichwani zinapungua na kwenye kidevu na mashavu zinaota. Dozi ikishuka zinapungua. Usinyoe kwa hasira wala usipake krimu za kuondoa nywele kwenye ngozi yenye upele, uzi wa kunyoa nyusi unatosha kama ngozi imetulia.

Ya kupaka na kufunika

Mafuta ya nazi na ya mnyonyo yanalainisha, basi, hayaoteshi. Kitunguu, tangawizi na kitunguu saumu kwenye ngozi iliyovimba ni kujichoma. Vidonge vya kuongeza kinga vyenye ekinesia, na alfalfa, mwenye lupasi aviache, kinga yake tayari ina fujo ya kutosha. Minoksidili, dawa ya kupaka ya kuotesha nywele, inaeza kusaidia pale ambapo vitundu bado viko, iulizie kliniki, na ukiwa mjamzito ama unanyonyesha usipake.

Wigi ni sawa, iwe na kitambaa laini ndani, itolewe usiku, isigundishwe kwa gluu. Wivingi ya kushonwa juu ya doa hapana. Remba, mtandio, kukata zote fupi kabisa, vyote halali, na wanawake wanaokata fupi mara nyingi wanakuja kunambia wangejua wangekata mapema manake doa jipya wanaliona siku ile ile.

Siku ya kwenda kliniki usiende umesuka, usipake mafuta, daktari hawezi kuona ngozi kupitia wivingi na atakurudisha foleni ingine. Beba zile picha za simu, orodha ya dawa zote pamoja na vidonge vya nywele na krimu ulizojipakia, na tarehe. Fumua jana yake jioni. Kwangu kufumua mtu anayeenda kliniki ni bure, na msusi wako ukimweleza sababu sidhani atakataa.